Leo Nani Amekubeba?

Kinyozi wetu amekufa mtoni, na huo mto hauna maji. Nimeandika hiyo sentensi, nikaiangalia, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu mpaka sasa haijaingia kichwani. Wasomaji wangu mnaonizoea mnajua huwa naanza hapa na malalamiko: barabara, bei ya unga, vijana wamemaliza kidato cha nne na wamekaa tu sokoni wakihesabu pikipiki. Leo sina hata nguvu ya kulalamika. Wale wa upande wa Kanyangi mmeshasikia. Wengine, wacha niwaeleze polepole, ingawa mimi si mtu wa polepole.

Habari ilinipata kazini, hapa Emali. Nafanya kazi kwa duka la vifaa vya ujenzi: misumari, simiti, mabati, na nyuma ya duka, mchanga. Asubuhi hiyo lori ilikuwa inamwaga mchanga, mimi nimesimama kando nimefunika pua, simu ikalia. Ni mamangu. Mamangu hanipigii asubuhi. Anaamini mtu akipigiwa simu kazini anafutwa.

"Uko wapi?"

"Niko kazi, mwaitu. Kuna nini?"

"Kaa chini kwanza."

"Hakuna mahali pa kukaa. Wewe sema tu."

"Kinyozi ameangukiwa na mchanga. Kwa kithima. Asubuhi hii."

Nikauliza swali la kijinga. Nikauliza wamempeleka hospitali gani. Mamangu akasema, "Hapana, mwanangu. Hakuna mahali wamempeleka." Dereva wa lori alikuwa amemaliza kumwaga na ananipigia honi nitoke njiani. Sikutoka. Nilikuwa naangalia lile rundo. Juu lilikuwa kavu, jeupe, lakini chini mchanga ulikuwa bado na unyevu, ile rangi ya mchanga uliotoka kwa mto juzi tu. Nikakaa pale pale chini, njiani. Ndiyo maana mamangu alisema nikae.

Ninyi mnaofungua mfereji maji yakatoka, niwaambie kithima ni nini. Mto wetu unatembea siku chache mvua ikinyesha, halafu unakuwa barabara ya mchanga. Maji hayaendi mbali, yanajificha chini. Kwa hivyo tunachimba shimo kwa mchanga, tunangoja maji yajikusanye, tunateka. Shimo hilo ndilo kithima. Mamangu anasema zamani ulikuwa unapiga magoti, unanyoosha mkono na kibuyu, basi. Sasa lori zimebeba mchanga miaka na miaka kwenda kujenga miji, na mchanga ukipungua maji nayo yanashuka. Siku hizi mtu anaingia ndani ya kithima mpaka kichwa kinapotea, mwingine anasimama juu anavuta ndoo kwa kamba. Na ukuta wa hilo shimo ni mchanga tu. Hakuna kitu kinaushikilia.

Kijijini kuna makubaliano, ya mdomo, chifu akiwepo na wenye lori wakiwepo: mahali watu wanateka maji, lori haingii. Mahali watu wameacha kuteka, lori inaweza kupakia. Hivyo tu. Kona ya mto ni yetu mradi kuna mtu anateka pale. Siku hakuna mtu anateka, imeenda. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo lilikuwa linanikosesha usingizi wiki hiyo yote, kuliko hata marehemu.

Sasa kinyozi mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, pale soko ya Kanyangi, na sola moja juu ya paa, kioo kimepasuka kona, na kiti kilichong'olewa kwa gari iliyoanguka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, wa kelele. Msidhani nitawaambia alikuwa mtakatifu. Alibishana na kila mtu juu ya mpira, timu yake ikishindwa alinuna mpaka ukaogopa kumpa kichwa chako. Alikuwa anachelewa kufungua. Lakini ndiye mtu niliyewahi kumjua mwenye furaha kuliko wote, na hiyo furaha ilikuwa inaniudhi. Nilikuwa najiuliza, huyu anafurahia nini? Ana nini?

Alikuwa na tabia moja. Ukikaa kwa kiti anakufunga kitambaa shingoni, anaweka mkono juu ya kichwa chako, na kabla hajawasha mashine anauliza: "Leo nani amekubeba?" Yaani leo nani amekushika mkono, nani amekufanyia kitu ukaweza kuendelea. Lazima iwe leo, si mwaka jana. Lazima iwe mtu. Usipojibu, mashine hailii. Watu walikuwa wamezoea. Mmoja anasema jirani amemtolea ng'ombe kwa shamba. Mwingine anasema bibi yake aliwasha moto yeye akiwa bado amelala. Kuna wale wa mzaha: "Wewe ndio utanibeba ukimaliza haraka." Naye anajibu, "Bado sijakubeba. Ngoja uone kioo."

Siku moja alikaa pasta. Akaulizwa, akajibu kwa ile sauti yake ya madhabahuni, "Mungu amenibeba." Sisi kwa benchi tukasema amina. Kinyozi hakuwasha mashine.

"Pasta, huyo tunamjua. Mimi nauliza, alimtuma nani?"

Pasta akafikiria sana. Mwishowe akasema mama mmoja wa kanisa alimtumia maziwa asubuhi. "Na unajua jina lake?" Pasta hakujua. Aliaga na kichwa kimenyolewa vizuri, akaenda moja kwa moja kumtafuta huyo mama. Tulimwona kwa mlango akiulizauliza.

Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa siku ya kuja Emali kujaribiwa hii kazi. Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu mtihani, majibu hayakuwa ya kuringia, na kila mtu niliyesoma naye nilimwona ameenda mbele. Nikakaa kwa kiti. Akauliza. Nikasema, "Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna. Nyoa tu, niko na haraka."

Akacheka, akawasha. Nikajua leo amenisamehe. Akanyoa upande wa kushoto wote, safi, halafu nikasikia tik. Kimya.

"Kuna nini? Sola imekufa?"

"Sola iko sawa. Hii nusu nimekupa mimi. Hii ingine inangoja mtu."

"Kinyozi, pikapu itaniacha!"

"Haiwezi kukuacha. Dereva ni yule pale kwa benchi, anangoja kunyolewa."

Dereva akakunja mguu. "Mimi sina haraka, kamwana. Naangalia sinema." Na jamaa mmoja wa kuuza mbuzi akaongeza, "Enda hivyo hivyo. Emali watakuandika wawili, mwenye nywele na mwenye kipara." Benchi yote ikaanguka kwa kicheko. Nilitoka nje na hasira na kile kitambaa shingoni. Nikasimama juani. Wasichana wa shule wakapita, wakaniangalia upande wa nywele, wakanisalimia vizuri, halafu nikageuka. Sitaki kusema walifanya nini. Nikarudi ndani.

"Mamangu," nikasema.

"Amefanya nini?"

"Amenipigia shati pasi." Na ilikuwa kweli. Aliamka kabla yangu, akawasha makaa, akaweka kwa ile pasi nzito, akanyunyizia kola maji ya kunywa, hayo hayo ya mtoni, kwa sababu hakukuwa na mengine.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Ni mamangu."

Benchi yote ikasema "Eee!" kama kwa kesi ya chifu. Kinyozi akaniwekea simu yangu mkononi. "Mpigie."

Nikapiga. Nikasema, "Mwaitu, nilitaka kusema asante kwa shati."

"Shati gani?"

"Hii nimevaa. Umenipigia pasi."

"Uko wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Usinidanganye. Umeshikwa? Wamekupeleka kituo gani?"

Nilikuwa nimeweka simu kwa sauti kubwa, kwa bahati mbaya. Wale watu wa benchi walilia machozi. Kinyozi mwenyewe aliinama akapigia simu kelele, "Hajashikwa, mama! Ananyolewa!" Mamangu akauliza, "Sasa mbona anaongea hivyo?" na akakata. Ile nusu ya pili ikanyolewa. Karibu imalizike, simu ikalia tena. "Ile saa ulisema nini?" Nikamwambia nilisema asante. Akasema, "Haya." Lakini hakukata. Nilikuwa nasikia kuku wake nyuma, na yeye akipumua.

Sisemi nilipata kazi kwa sababu ya hiyo simu. Nilipata kazi kwa sababu naweza kubeba simiti. Ninachosema ni kwamba niliingia kwa ile pikapu nikiwa mwepesi, kama mtu amevua gunia, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu maisha yangu yalikuwa vile vile yalivyokuwa nikiamka. Nilianza kuandika daftari langu la kila siku mwaka huo, na hilo ndilo jambo la kwanza niliandika: kwamba huyo mtu ni msumbufu, na kwamba nimefurahi.

Siku hizi kwa simu kila mtu ni mwalimu wa furaha. Wanakwambia amka, kaa kimya, andika vitu unavyoshukuru, kunywa maji, utajisikia vizuri. Nimejaribu. Nimeandika jua, afya, uhai. Ni kama kujaza fomu. Nimekaa nikafikiria mbona ya kinyozi ilifanya kazi na hii haifanyi, na nikaona ni kwa sababu ya kinyozi haikukuacha na wewe mwenyewe. Huwezi kushukuru jua likakuuliza umeshikwa na polisi. Mtu atakuuliza. Mtu atashtuka, atanyamaza, atapiga tena. Sisi huku kwetu tunaogopa kumwambia mtu asante usoni. Tunafikiria ni ya wageni, au ni ya mtu anayetaka kura. Huyu kinyozi mwenyewe alianza kutembea jioni akienda kuwashukuru watu, mama wa mandazi, fundi wa baiskeli, na ndani ya muda mfupi soko yote ilikuwa inajua anasimama kiti cha wadi. Watu walianza kumwomba chai. Jamaa wa mheshimiwa wa wadi walikuja kumuuliza anasimama na chama gani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ni wapi pengine mtu anashukiwa kwa kosa la kusema asante? Asante zote tunaziweka za matanga. Mtu akishalala kwa sanduku ndipo tunapanga foleni na kipaza sauti.

Na kama kuna mtu anafikiria kushukuru ni kukubali kila kitu na kunyamaza, hakumjua. Kiangazi kilichopita lori zilianza kuvizia kona yetu ya mto. Dereva anakuja asubuhi, anaangalia kama kuna watu, anakuja tena mchana. Bibi yake kinyozi ndiye alikuwa anateka pale kila siku, na kila ukimuuliza kinyozi nani amembeba yeye, anasema, "Huyo wangu wa mtoni." Basi siku moja, nikiwa nimekuja nyumbani, tukakuta kibanda kimefungwa. Tukaambiwa kinyozi amehamia mtoni. Tukaenda kuona. Alikuwa ameshusha sola, kioo, na kile kiti cha gari, ameviweka katikati ya mchanga, pale pale lori hupitia, na anamnyoa mtu. Wanawake wanateka upande huu, wanaume wamekaa kwa mitungi upande ule wanangoja zamu. Lori ikaja. Dereva akapiga honi, akashuka, akaanza kutukana. Kinyozi akamwangalia kichwa.

"Wewe hizo nywele ulinyoa lini?"

"Toa kiti njiani!"

"Kaa kwanza. Leo nani amekubeba?"

Huyo dereva alikuwa kijana kama mimi, amechoka, macho mekundu. Sijui ni nini kilimpata. Akasimama, akasema utingo wake amempikia chai usiku kucha asilale. Akakaa. Akanyolewa. Akarudisha lori nyuma mpaka juu ukingoni, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kugeuka. Nilimuuliza kinyozi siku hiyo kwa nini anajisumbua hivyo, si aende tu kwa chifu. Akaniambia hivi, na maneno haya niliyaandika kwa daftari vile vile alivyoyasema: "Nikimwambia bibi yangu asante kwa maji kila asubuhi, halafu niache mchanga uende, hiyo asante ni ya uongo."

Na alipoona kithima kimekuwa kirefu, alimkataza bibi yake kuingia. Akawa anaingia yeye, bibi anavuta. Hivyo ndivyo alivyokufa. Bibi yake alinieleza mwenyewe, hakulia, alikuwa kama mtu anasoma. Alisema bwana yake alikuwa na tabia, kila ndoo ikifika juu, yeye kule chini anasema, "Muvea." Asante. Kila ndoo. "Nikavuta ndoo," akasema, "nikaishika, nikangoja aseme. Hakusema."

Mimi niliposikia hayo nilikasirika, na wacha niwe mkweli, nilimkasirikia kinyozi. Nilikasirikia shukrani yenyewe. Mtu anasema asante kwa kila ndoo, na shimo linamfunika akiwa bado na hilo neno mdomoni. Asante ya nini? Nilitembea kwa ua ule wa matanga nikitaka mtu anijibu, na hakuna aliyenijibu kwa sababu sikuuliza kwa sauti. Mpaka leo nikifika hapo nashtuka upya. Natafuta mahali pa kuweka hiyo habari na sipati.

Siku ya mazishi, udongo ulipomaliza kurudishwa, wanaume walisimama kando ya mchongoma wakaanza: kile kithima kifukiwe leo. Pale pamemeza mtu, hakuna mwanamke atapiga goti pale tena. Maji yaletwe na punda kutoka kisima cha pampu kule shuleni, hata kama ni mbali, hata kama yana chumvi. Niliwaelewa. Hata mimi ningesema hivyo. Halafu dalali wa mchanga, ambaye alikuwa amekuja vizuri na sukari ya rambirambi, akasema kwa upole sana, "Ni sawa. Pole sana kwa familia. Lakini mkifukia, na hakuna anayeteka pale, makubaliano si tunayajua?" Hakuna aliyemtukana. Ilikuwa kweli. Wote tukageuka tukamwangalia mjane. Alikuwa amekaa kwa mkeka na kitambaa chake cha kichwa, anaangalia vidole vyake. Chifu akasema, "Tumpe mama nafasi. Hilo tutaongea kesho." Dalali akasema hata kesho ni sawa, yeye yuko tu.

Nililala kwa mamangu, na asubuhi tukarudi bomani kwa marehemu kwa sababu ya kunyoa. Kwetu, mtu akizikwa, watu wa nyumba wananyoa nywele. Pasta alikuwa amesema jana yake kwamba si lazima, hayo ni ya zamani. Mama mzazi wa kinyozi, mama mdogo wa mwili na mkubwa wa mdomo, akamwambia, "Pasta, mtoto wangu alikuwa kinyozi. Unataka tukae na nywele?"

Shida ilikuwa nani atanyoa. Tuliangaliana. Ndipo mjane akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na mashine na ule waya wa sola. Na hapo ndipo nilijua kitu nilichokuwa sijawahi kujiuliza: kinyozi, yeye alikuwa ananyolewa na nani? Ni huyu. Miaka yote. Tulipewa chai kwanza, ndani ya vile vikombe vya bati, na mandazi yaliyobaki ya jana. Nilikunywa yangu haraka vile huwa nakunywa kila kitu, nikaongezwa. Kile kiti cha gari kikawekwa katikati ya ua. Akakaa mtoto wake wa kike wa mwisho, na mjane akamwekea mkono kichwani, akasema, sauti yake ikiwa kavu kama karatasi, "Leo nani amekubeba?"

Mtoto akafikiria. "Susu amenifunika na shuka yake." Susu ni nyanya yake, yule yule wa kumjibu pasta. Mashine ikalia. Nywele zikaanza kuanguka.

Walipoisha wa nyumba, majirani tukajipanga. Zamu yangu ikafika. Kitambaa shingoni, mkono kichwani, mkono mwepesi kuliko wa bwana yake.

"Leo nani amekubeba?"

"Ni yeye," nikasema. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimepanga hata maneno. "Ni marehemu, kwa sababu..."

"Huyo ni wa jana," akasema. "Sheria unaijua."

Mashine kimya. Niliangalia chini, nikaangalia kikombe changu kando ya kiti, na ndipo kitu kikanigonga. Wiki yote ya matanga tulikuwa tunakunywa chai ya maji ya pampu, ile chai ya chumvi inayokuacha na kiu. Chai ya asubuhi hiyo ilikuwa tamu. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili na sikuona.

"Chai ya leo haina chumvi," nikasema.

Mkono wake ukakaa palepale.

"Maji yametoka wapi, mama?"

"Pale pale."

"Nani ameenda?"

"Mimi. Nimechimba upande, nikapanua mdomo wa shimo. Sikuingia kupita kifua." Akavuta pumzi. "Susu ndiye alikuwa ananishikia kamba."

Niligeuka nikamwangalia Susu amekaa kwa kigoda, kichwa kimeng'aa, viganja vyake vimelala juu ya magoti vikiangalia juu, vyekundu mahali kamba ilipita. Alikuwa amemzika mtoto wake jana. Aliniona namwangalia akasema, "Wewe jibu unyolewe, watu wanangoja."

"Basi ni nyinyi," nikasema. "Nyinyi wawili. Mmenibeba na chai. Muvea."

Mashine ikalia. Na mimi, ambaye sikulia Emali wala kaburini, nililia pale kwa kiti, na nywele zikanishika usoni.

Nikirudi Emali nilipita kwa ile kona. Kulikuwa na ua mpya wa miiba kuzunguka kithima, matawi bado ni mabichi, na alama za miguu za wanawake wengi, si wawili tu. Walikuwa wamesikia, wakaenda. Lori ilikuwa imesimama juu ukingoni, injini imezimwa. Dereva alikuwa ameweka kiwiko dirishani, anaangalia. Nikamsalimia, akanisalimia. Hakushuka.

Bado niko duka lile lile, sina kazi nyingine. Lakini sasa kila lori ikija namuuliza dereva mchanga umetoka kona gani, na hapo watu bado wanateka maji au wameacha. Mwenye duka anasema nachelewesha wateja. Labda atanifuta, na mamangu atasema ni ile simu. Lakini mkiniuliza kinyozi ameniachia nini, ni hilo. Asante yake haikuwa ya kujituliza. Ilikuwa inamfungua macho aone nani amebeba nini, na ukishaona nani amekubebea ndoo, huwezi tena kumwacha mwingine auchukue mchanga chini yake. Furaha ilikuwa inakuja nyuma, kama mtoto anayefuata watu sokoni bila kuitwa. Mimi sijui ilitokaje kwa kitu kigumu hivyo. Najua tu niliionja, siku ya shati, na tena kwa kile kiti uani, katikati ya msiba, nikiwa na aibu kidogo ya kuionja.

Kwa hivyo msiandike jua na uhai. Tafuteni mtu wa leo, mumwambie leo, hata akiwashuku. Mimi nimempigia mamangu kabla ya kumaliza hii. Nimemwambia asante kwa ile asubuhi aliniambia nikae chini kwanza. Ameniuliza tena kama nimeshikwa.